Shekeli ikigoma kuwa wakia: kutafuta hesabu ilipoharibikia

Katekista mmoja alinijia dukani na daftari. Alikuwa amesoma Kutoka 38, pale inapotajwa dhahabu yote iliyotumika kwenye maskani: talanta 29 na shekeli 730, vipimo vya uzito vya Waebrania wa kale. Alitaka kujua ni wakia ngapi, kwa wakia hii hii tunayonunulia dhahabu, ili Jumapili awape waumini uzito wanaoweza kuuona akilini. Daftarini mlikuwa na majibu matatu: wakia 35,000, wakia 39,500 na wakia karibu 56,000. Kila moja limepigiwa mstari mara mbili. Nikachukua kikokotoo nikarudia kuzidisha kwake kote. Hakukosea hata tarakimu moja. Na majibu yote matatu yalikuwa mabovu.

Hesabu hizi ndivyo zilivyo. Zikiharibika, mara nyingi kosa haliko kwenye kuzidisha, liko kwenye jiwe lililowekwa upande wa pili wa mizani. Ndiyo maana mimi huanza na ukubwa wa kosa: jibu limezidi, au limepungua, kwa kiasi gani? Kosa la asilimia 10 lina chanzo chake, la robo lina chake, na la karibu mara mbili lina chake. Ukishajua ukubwa, chanzo kinajitaja chenyewe.

Namba za kuanzia

Shekeli ya Yuda, kwa mawe ya mizani ya karne ya 8 na ya 7 KK yaliyochimbuliwa Yerusalemu, Lakishi, Aradi na kwingineko, ina wastani wa gramu 11.33. Wakia ya troi, ambayo ndiyo ya dhahabu na fedha duniani kote, ni gramu 31.1034768. Inagawanyika kuwa peniweti 20, na kila peniweti ina greni 24. Greni moja ni miligramu 64.8. Ukiunganisha pande hizo mbili unapata:

- Gera 1: gramu 0.567, au greni 8.74
- Beka 1 (nusu shekeli): gramu 5.67, au wakia 0.182
- Shekeli 1 (gera 20): gramu 11.33, au greni 174.85, au peniweti 7.29, au wakia 0.3643
- Mane 1 ya shekeli 50: gramu 566.5, au wakia 18.21
- Talanta 1 (shekeli 3,000): kilo 33.99, au wakia 1,092.8

Mtu wa pwani hapo atashtuka kidogo. Tola, ile ya masonara wa Mombasa na Unguja, ambayo mpaka leo kuna vipande vya dhahabu vya tola 10 vinavyopita Dubai, ni gramu 11.66. Imeachana na shekeli kwa asilimia 3 tu. Ukitaka kuihisi shekeli mkononi, shika tola moja uiwazie imepungua kidogo. Lakini usiiweke tola kwenye hesabu mahali pa shekeli: kwa talanta moja tu utakuwa umeongeza kilo nzima.

Nao wanaohesabu zaka watakuwa wamesikia jina la ndugu. Mithkali na shekeli zina mzizi mmoja, wa kupima uzito. Kiarabu kimebaki na *th*, Kiebrania kikasema *sh*. Undugu wao ni wa jina, si wa uzito. Mithkali 20 za zaka ni gramu 85, yaani mithkali moja ni gramu 4.25.

Dalili: jibu limezidi kwa asilimia 10 hivi

Hili ndilo jibu la kwanza la katekista, zile wakia 35,000. Alichukua gramu zake, zilizokuwa sahihi, akazigawa kwa 28.35. Hiyo ni wakia ya unga na ya makopo ya nyama, siyo ya dhahabu. Alitumia kikokotoo cha kwenye simu, na simu ukiiambia "wakia" bila kuongeza neno, inakupa hiyo.

Kipimo cha haraka: shekeli moja ni zaidi kidogo ya theluthi ya wakia. Ukiona imekutokea 0.40, umeshika wakia ya dukani. Dawa yake ni kugawa jibu lote kwa 1.097, basi, huna haja ya kuanza upya.

Paundi inacheza kinyume, na hapo ndipo watu wazima wanapoangukia. Wakia ya dhahabu ni nzito kuliko wakia ya unga, lakini paundi ya dhahabu ni nyepesi kuliko paundi ya unga, kwa sababu ya dhahabu ina wakia 12 (gramu 373.24) na ya unga ina wakia 16 (gramu 453.59). Vitabu vingi vya maelezo ya Biblia vinasema talanta ni paundi 75. Ni paundi za unga hizo. Ukizizidisha kwa 12 kwa kuwa unashughulika na dhahabu, unapata wakia 900 badala ya 1,093. Kwa hiyo ukiona jibu limepungua kwa karibu asilimia 18, usihangaike na shekeli, tazama paundi.

Dalili: jibu limezidi kwa karibu robo

Wakia 39,500. Safari hii katekista alikuwa amesoma mahali kwamba shekeli ni gramu 14, na hakudanganywa. Shekeli za fedha za Tiro, zilizoanza kufuliwa mwishoni mwa karne ya 2 KK na ambazo Wayahudi walilipia kodi ya hekalu, zina karibu gramu 14. Zile walizofua wenyewe wakati wa uasi dhidi ya Roma, kuanzia mwaka 66 BK, nazo ni hivyo hivyo. Ila hizo ni sarafu. Jiwe la Yuda limezitangulia kwa miaka 500 na zaidi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuzidisha ni moja: andiko hili linasimulia zama zipi? Ibrahimu anapompimia Efroni shekeli 400 za fedha kwa ajili ya shamba la Makpela, anapima, hahesabu sarafu. Sarafu hazijazaliwa bado. Hapo tumia 11.33, upate kilo 4.5 za fedha, wakia 146 hivi. Lakini ile sarafu ambayo Petro aliambiwa ataikuta kinywani mwa samaki, iliyotosha kodi ya watu wawili, hiyo ni ya gramu 14, wakia 0.45.

(Kuna wanaoiandika "shekeli" mtandaoni na kuletewa bei ya fedha ya Israeli ya leo dhidi ya shilingi. Hiyo haina uzito wowote wa kupimia kitu. Iruke.)

Dalili: jibu limekaribia mara mbili, au limezidi kwa moja ya tano

Wakia 56,000 zilitokana na talanta ya kilo 60. Talanta hiyo ipo, ila si ya Yuda. Mesopotamia walikuwa na mizani mbili zikienda sambamba, nyepesi na nzito, na nzito ilikuwa mara mbili ya nyepesi: talanta ya kilo 30 na talanta ya kilo 60. Ushahidi wake unashikika kwa mkono. Mchimbaji wa mambo ya kale Layard alipochimba Nimrudi, mji wa Ashuru, katika miaka ya 1840 alikuta simba wa shaba nyeusi waliolala, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja ni jiwe la mizani, na baadhi yao wameandikwa kwa Kiashuri na Kiaramu. Wako British Museum mpaka leo. Anayenakili "talanta = kilo 60" amemwazima simba wa Ashuru akampeleka jangwani Sinai.

Kosa la moja ya tano ni jamaa yake wa karibu. Babeli walihesabu kwa 60: shekeli 60 kwa mane, mane 60 kwa talanta, jumla shekeli 3,600. Mtu anachukua 3,600 hizo, anazizidisha kwa shekeli ya Yuda ya gramu 11.33, anapata talanta ya kilo 40.8 ambayo haikuwahi kuwekwa kwenye mizani ya nchi yoyote.

Uzuri ni kwamba Kutoka 38 inajikagua yenyewe, na mimi sijaona ukaguzi mtamu kama huu kwenye vitabu vya zamani. Wanaume 603,550 walitoa beka moja moja. Beka ni nusu shekeli, kwa hiyo ni shekeli 301,775. Andiko linasema fedha hiyo ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Toa 1,775, gawa kwa 100. Inabaki 3,000 kamili, bila hata punje. Ukijaribu kwa 3,600 unapata talanta 83 na masalia, na hesabu haifungi. Nilimwonyesha katekista hapo hapo kwenye kaunta. Alinyamaza, kisha akafuta mistari yake miwili chini ya 56,000 kwa kalamu nyekundu.

Shekeli 3,000 kwa talanta basi haina mjadala. Mane ndiyo yenye mjadala. Ezekieli 45:12, kwa Kiebrania, inataja shekeli 20 na 25 na 15, jumla 60 kwa mane. Tafsiri ya kale ya Kiyunani, katika nakala zake mojawapo, inafikia 50. Kwa hesabu za dhahabu mimi naikwepa mane kabisa ninapoweza, naruka kutoka shekeli hadi talanta. Pasipokwepeka, natumia 50 na kuandika pembeni kwamba nimetumia 50.

Ukiwa na shaka na jedwali ulilopewa, mpime Goliathi. Dirii yake, vazi lake la vita, ilikuwa shekeli 5,000 za shaba: kwa 11.33 ni kilo 57. Kwa mizani nzito ya Mesopotamia inapita kilo 80. Naye hakuwa mtu wa kawaida, lakini alitakiwa kutembea.

Dalili: maandiko mawili, kitu kimoja, uzito tofauti

1 Wafalme 10:17 inasema kila ngao ndogo ya Sulemani iliingia mane tatu za dhahabu. 2 Nyakati 9:16 inasema ni 300, na kinachoeleweka ni shekeli. Kwa mane ya 50 tungetarajia 150, kwa ya 60 tungetarajia 180. Inatokea 100 kwa mane.

Mimi naona mwandishi wa Nyakati, aliyeandika baadaye sana, alikuwa na mane nyingine masikioni. Wayunani nao waligawa yao kwa drakma 100. Kwa vyovyote vile, usichukue wastani. Toa majibu mawili: kwa shekeli 150 ni wakia 54.6, kwa shekeli 300 ni wakia 109.3, na useme lipi linatoka andiko lipi.

Dalili: umepima jiwe lenyewe, shekeli inatoka gramu 9

Hapa ndipo ninapopapenda, kwa sababu kosa linafanywa na mtu mwangalifu. Mawe ya mizani ya Yuda mengi ni ya chokaa, yamechongwa kama kuba, chini bapa ili yasiviringike. Juu yana alama: kitanzi kilichoachwa wazi, kama fundo la kamba, na kando yake namba. Unasoma namba, ni 10. Unaweka jiwe kwenye mizani, ni gramu 90.6 hivi. Unagawa, unapata gramu 9.06. Unarudia na jiwe la 5: gramu 45. Tena 9. Unaanza kuamini kwamba vitabu vyote vimekosea.

Namba umeisoma vizuri, ila si ya Kiebrania. Ni tarakimu za mwandiko wa Kimisri wa mkono, na nchini Misri uzito wa deben, gramu 91 hivi, uligawanywa kuwa kedeti 10 za gramu 9.1. Yuda shekeli 8 zilikuwa sawa na deben moja. Mfanyabiashara aliyetaka kuuza huku na kule alichonga jiwe moja likatumika mizani zote mbili: kwa Mmisri linasomeka 10, kwa Myuda linahesabika shekeli 8. La 5 ni shekeli 4. Ndiyo maana mfuatano wa mawe hayo unakwenda 1, 2, 4, 8 badala ya 1, 5, 10 tuliyoizoea.

Dawa: jiwe lenye kitanzi na tarakimu ya Kimisri ya 5 au 10, gawa gramu zake kwa 4 au kwa 8. Ikitoka kati ya 11 na 11.7 umefika.

Dalili: beka mbili zinazidi shekeli moja

Beka kwa andiko ni nusu shekeli, gramu 5.67. Mawe yaliyochongwa neno *beka* yana gramu 6 na kitu. Moja lilitangazwa Yerusalemu mwaka 2018, lilipatikana kwenye udongo uliochekechwa, na herufi zake zimechongwa kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Pengine fundi alizoea kuchonga mihuri. Kuna na pimu, karibu theluthi mbili za shekeli, gramu 7.8 hivi. Neno hilo limo katika 1 Samweli 13:21, na tafsiri za zamani zililidhania kuwa tupa ya kunolea mpaka mawe yenyewe yalipoanza kuchimbuliwa.

Kosa hapa ni kuijenga shekeli kutoka chini: kupima beka, kuzidisha kwa 2, kupata 12 na zaidi, halafu kuibeba mpaka kwenye talanta. Utazidisha kwa karibu asilimia 8. Uzito mdogo upime kama ulivyo, na shekeli uichukue kwenye mawe ya shekeli. Kwa gera vivyo hivyo. Kutoka, Walawi, Hesabu na Ezekieli wote wanasema 20 kwa shekeli. Baadhi ya wachunguzi wa mawe ya Yuda wanaona sokoni zilikuwa 24. Kwa andiko, tumia 20. Kwa jiwe, tumia mizani.

Jiwe nalo huzeeka. Niliwahi kuchukua kokoto la chokaa nikalisugua na msasa, napima nasugua, mpaka likasimama gramu 11.33. Lilikaa juu ya kaunta mwezi mmoja. Siku moja mteja aliligonga kwa kiwiko likaanguka sakafuni. Kwa macho halina kitu, ila ukilipitishia ukucha pembeni unasikia limebanjuka. Sasa ni gramu 11.21. Hiyo gramu 0.12, ukiizidisha kwa 3,000, ni gramu 360 kwa talanta, zaidi ya wakia 11. Jiwe lililokaa ardhini miaka 2,600 usilidai desimali ya tatu.

Dalili: mtu wa maabara na mtu wa Biblia hawaelewani kabisa

Nilipokuwa maabara ya kupima mwamba wa dhahabu niliona mwenzangu akigawa kilo za talanta kwa 29.17 kwa ujasiri mkubwa. Aliona jina "tani ya upimaji" akadhani ni tani.

Siyo tani, ni uzito wa sampuli: gramu 29.1667. Ilibuniwa ili kurahisisha kazi ya moto. Unachukua mwamba uliosagwa kwa uzito huo, unauyeyusha na risasi (ile metali, si ya bunduki), unaiondoa risasi, unabaki na kishanga cha chuma cha thamani. Kila miligramu moja ya kishanga ni wakia moja ya troi kwa tani fupi ya paundi 2,000. Hakuna kuzidisha wala kugawa, ndiyo raha yake. Lakini inapima wingi wa dhahabu ndani ya mwamba. Haihusiki na dhahabu ambayo tayari ni dhahabu. Kabari ya dhahabu ya Akani, shekeli 50, inakwenda moja kwa moja kuwa gramu 566.5 na wakia 18.21, tani ya upimaji haina kazi hapo.

Mtego unakazwa na namba zinazofanana. Talanta ni kilo 34 hivi, vitabu vingine vinaandika 34.2. Nayo wakia moja kwa tani fupi ni gramu 34.2857 kwa tani ya kilo 1,000. Ni bahati mbaya tu ya tarakimu. Ukikuta 34.2 kwenye karatasi, soma kizio chake kabla hujafurahi.

Na kama kweli unapima mwamba: maabara nyingi siku hizi zinatumia sampuli ya gramu 30 au 50. Kishanga cha miligramu 5 kutoka gramu 30 ni gramu 166.7 kwa tani. Ukikisoma kana kwamba kimetoka kwenye tani ya upimaji, utaandika wakia 5, yaani gramu 171.4. Umeongeza karibu asilimia 3 kwa uvivu.

Dalili: uzito uko sawa, thamani haiaminiki

Uzito si usafi, na mizani ya shekeli haijui tofauti. Fedha ya zama zile ilizunguka kama vipande vilivyokatwakatwa, vikafungwa kwenye kitambaa, vikapimwa. Baadhi ya akiba za fedha zilizochimbuliwa Kanaani, za karne ya 12 hadi ya 10 KK, zimekutwa zimechanganywa shaba nyingi, na ndani yake arseniki ya kuirudishia shaba weupe wa fedha. Jiwe lilikuwa halali, kilichopimwa ndicho kilichokuwa cha mashaka.

Dhahabu nayo ina siri yake. Kusafisha kwa risasi kunaondoa shaba na takataka nyingine, lakini fedha inabaki imekumbatiana na dhahabu. Kuzitenganisha ni kazi nyingine. Karakana inayojulikana sana kwa kazi hiyo ni ya Sardi, nchi ya Lidia, ya karne ya 6 KK, muda mrefu baada ya Sulemani. Kwa hiyo usiandike talanta za Sulemani kana kwamba ni dhahabu tupu ya 999.9 kwa elfu.

Anayetaka kuona utatuzi wa matatizo wa kale asome Yeremia 6:29. Mifuo inavuma, risasi imeteketea, na msafishaji anafanya kazi bure. Nabii alikuwa anawasema watu wake, lakini fundi yeyote anaijua hiyo tanuru. Risasi ndiyo inayobeba uchafu na kuzama nao kwenye kikombe cha majivu ya mifupa. Ikiisha kabla uchafu haujaisha, unabaki na donge lililoganda, jeusi, lisilotoa lile tabasamu la mwisho ambalo kishanga safi hulitoa kinapong'aa ghafla. Chanzo ni kimoja kati ya viwili: risasi ilikuwa kidogo, au kilichowekwa ndani kilikuwa na shaba nyingi kuliko ulivyodhani. Unaongeza risasi, unarudia. Katika sura ile hakuna wa kuongeza.

Dalili: tarakimu nyingi kuliko mizani

Katekista alitaka tukate shekeli iwe wakia 0.36 "ili iwe rahisi". Kwa talanta moja 0.36 inakupotezea wakia 13. Beba tarakimu zote njiani, kata mwishoni tu. Ukifika mwishoni sasa kata kwelikweli, kwa kuwa mawe yenyewe yanapishana kwa asilimia kadhaa.

Tukafanya pamoja. 29 mara 3,000, jumlisha 730: shekeli 87,730. Mara 11.33: kilo 993.98. Gawa kwa 31.1034768: wakia 31,957. Akainua kalamu kuandika zote tano. Nikamwekea kidole kwenye karatasi. Akaandika: "Dhahabu ya maskani: kama kilo 990, wakia 32,000 hivi za troi, kwa shekeli ya gramu 11.33. Usafi haukupimwa; ingekuwa karati 22, dhahabu tupu ni wakia 29,300." Akaikunja, akauliza kama shaba ya mstari wa 29 nayo inapimwa kwa troi. Nikamwambia shaba ipime kwa kilo.